Lumumba na Zapata huko San Diego: Wanafunzi Wachikano na Huduma za Chuo Kikuu, 1969–1993

Tarehe 14 Machi 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, tawi la San Diego, walimkabidhi mkuu wa tawi hilo, William McGill, hati ya kurasa chache iliyopigwa kwa mashine. Hati hiyo ilitolewa kwa jina la vyama viwili: Baraza la Wanafunzi Weusi, na chama cha vijana wenye asili ya Meksiko kilichojulikana kwa kifupisho chake, MAYA. Ilihusu koleji mpya, ya tatu, ambayo chuo kilikuwa katika matayarisho ya kuifungua. Wanafunzi walidai koleji hiyo iwekwe kwa ajili ya vijana wa jamii zilizofungiwa mlango wa elimu ya juu. Walidai wao wenyewe wawe na sauti katika kuiendesha. Tena walidai iitwe Koleji ya Lumumba-Zapata.

Jina la kwanza halihitaji maelezo mbele ya wasomaji wa Kongo. La pili ni la Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima wa jimbo la Morelos nchini Meksiko, ambaye katika Mpango wa Ayala wa Novemba 1911 alitangaza kwamba ardhi iliyonyakuliwa na wenye mashamba makubwa irudishwe vijijini, naye akauawa kwa hila mahali paitwapo Chinameca tarehe 10 Aprili 1919. Hati ya San Diego iliandikwa chini ya mwezi mmoja kabla kifo hicho hakijatimiza miaka 50, na miaka minane baada ya Patrice Lumumba kuuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito karibu na Elisabethville, tarehe 17 Januari 1961. Mmoja alikuwa na miaka 39, mwenzake 35. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuwa picha za kubandikwa ukutani katika vyumba vya wanafunzi wa nchi nyingi.

Inafaa kukumbuka jinsi jina la Lumumba lilivyokuwa likitumika nyumbani kwake miaka ileile. Tarehe 30 Juni 1966 Rais Mobutu alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Januari 1968, Hubert Humphrey, makamu wa rais wa Marekani, alifika Kinshasa na kuweka shada la maua kwenye mnara wa Lumumba. Wanafunzi wa Kongo waliandamana kulipinga tendo hilo, kwani waliona haya isiyovumilika katika maua yaliyoletwa na dola waliyoishuku kuhusika na kifo chake. Rais wa umoja wao, UGEC, alikamatwa, na umoja wenyewe ukapigwa marufuku mwaka uleule. Basi mwaka 1969 jina lile lilikuwa limegawanyika: serikali ya Kinshasa ililichonga katika jiwe, na vijana waliolitamka kwa maana yake ya zamani walipelekwa gerezani. Huko California, nchi ya bwana yuleyule wa shada la maua, vijana wengine walitaka kuliandika juu ya mlango wa koleji ya serikali.

Kwamba Wamarekani Weusi walimchagua Lumumba si ajabu. Mwezi Februari 1961 baadhi yao waliingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama huko New York na kupiga kelele za kupinga mauaji yake. Jambo linalodai maelezo ni kwamba Wachikano walikubali jina lao litanguliwe na la Mkongo, na kwamba katika chuo ambamo makundi yote mawili yalikuwa na watu wachache mno, hakuna lililojaribu kupata koleji yake peke yake.

Neno Chikano lenyewe lina historia ya kupendeza kwa mwanaisimu. Wengi hulitoa katika neno *mexicano*, ambalo zamani lilitamkwa kwa sauti ya *sh* katikati, kisha likapoteza silabi yake ya kwanza. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 lilikuwa neno la dharau, ambalo Wameksiko waliokwisha kujijenga kidogo walilitumia kwa wenzao maskini waliovuka mpaka juzi. Katika miaka ya 1960 vijana waliliokota tusi hilo na kulivaa kama joho. Aliyejiita Mmarekani mwenye asili ya Meksiko alikuwa akiomba kukaribishwa. Aliyejiita Mchikano alikuwa akisema kwamba yuko kwao, na kwamba ni mpaka uliomvuka yeye. Kihistoria maneno hayo yana msingi, kwa kuwa kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 Meksiko ilipokonywa karibu nusu ya ardhi yake, California ikiwamo, pamoja na watu waliokuwa wakikaa humo.

Watoto wa watu hao waliingia shuleni kwa wingi, wakatoka humo mapema. Mnamo Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari za mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani na kukataa kurudi, wakiungwa mkono na mwalimu Sal Castro wa shule ya Lincoln na wanafunzi wachache Wachikano waliokwisha kufika chuo kikuu. Walilalamikia majengo mabovu, adhabu kwa waliosema Kihispania, na washauri wa masomo waliomwelekeza kila kijana mwenye jina la Kihispania kwenye useremala na ufundi wa magari. Watu 13 walishtakiwa kwa kula njama, na mashtaka hayo yakaja kufutwa na mahakama ya rufani mwaka 1970. Kutoka katika mgomo huo vijana walipata somo moja la utawala: anayekaa kwenye meza ya ushauri, mwenye faili na kalamu, anaweza kuamua maisha ya mtoto kuliko mwalimu anayemfundisha.

Somo hilo walilipeleka chuoni. Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa California wa mwaka 1960 ulikuwa umeamuru kwamba Chuo Kikuu kipokee vijana kutoka sehemu ya juu ya asilimia 12.5 ya wahitimu wa sekondari. Kwa nje kanuni hiyo haikumbagua mtu. Lakini mtoto wa kibarua wa mashamba ya zabibu, aliyeelekezwa kwenye useremala tangu umri wa miaka 14, hakuwa amesoma hata yale masomo ambayo kwayo angepimwa. Mlango wa pembeni ulikuwapo: asilimia 2 ya waliopokelewa waliweza kuingia bila kutimiza masharti, na mwaka 1968 nafasi hizo ziliongezwa kuwa asilimia 4. Juu ya mlango huo ndipo ilipojengwa ile Programu ya Nafasi za Elimu, EOP, ambayo Chuo Kikuu cha California kilikuwa nayo tangu 1964, nayo serikali kuu ya Washington ikaongeza fedha za masomo kwa sheria ya mwaka 1965. Kwa hiyo huduma zilikuwapo kabla ya hati ya Machi 1969. Ugomvi ulihusu ukubwa wake na, zaidi ya hapo, ulihusu nani azishike.

Hapa ni lazima kueleza maana ya koleji katika tawi la San Diego, kwani msomaji aliyezoea vitivo vya vyuo vyetu anaweza kupotea. Koleji huko si kitivo. Ni nyumba. Mwanafunzi wa fizikia na wa fasihi wanaweza kuwa wa koleji moja. Ndiyo inayowapa malazi, ndiyo yenye washauri wao, ndiyo inayopanga masomo ya msingi ambayo kila mmoja wao hana budi kuyapitia. Koleji ya kwanza, Revelle, ilikuwa imepokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka 1964, na ya pili, Muir, mwaka 1967. Ya tatu ilikusudiwa mwanzoni kutia mkazo kwenye somo la historia, ikiongozwa na mwanahistoria Armin Rappaport. Baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, Aprili 1968, walimu wenyewe walianza kusema kwamba mpango huo haulingani na wakati. Wanafunzi waliingilia kati wakati mlango ulipokuwa umeachwa wazi kidogo. Kwa kudai koleji, walikuwa wamedai huduma zote kwa pamoja: kitanda, mshauri, ratiba na mlango wa kuingilia.

Hati yao ilikuwa na lugha kali ya zama zile, na sehemu nyingine zake leo zinasomeka kama hotuba ya mkutanoni. Lakini ukishapita utangulizi unakuta mambo yaliyopimwa. Asilimia 35 ya wanafunzi wawe Weusi na asilimia 35 wawe wenye asili ya Meksiko. Uongozi uwe mikononi mwa bodi ambamo wanafunzi wangekaa pamoja na walimu, wakiwa na kura. Masomo yawe ya mapinduzi, mifumo ya uchumi, sayansi na teknolojia, afya ya umma, maendeleo ya miji na vijiji, mawasiliano, lugha, urithi wa utamaduni. Na liwepo pia somo la Wazungu, jambo lililowachekesha wengine na kuwakasirisha wengine, ingawa ni haki kuuliza kwa nini watu hao peke yao wasiwe mada ya kuchunguzwa. Walioandika hawakuwa na subira ya kungoja kizazi kingine. Nyuma ya vijana Weusi alikuwapo Angela Davis, mwanafunzi wa falsafa aliyekuja kusoma chini ya Herbert Marcuse. Upande wa MAYA alikuwapo mshauri wao Carlos Blanco Aguinaga, mwalimu wa fasihi ya Kihispania.

Mwezi Mei mazungumzo yalikwama, na wanafunzi wakaivamia ofisi ya uandikishaji. Davis amelisimulia tukio hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1974. Wanahistoria wa migomo ya wanafunzi hupenda kuhesabu milango iliyovunjwa, ila ni nadra kuuliza kwa nini ulichaguliwa mlango huu na si ule. Vijana hawakukaa katika maktaba wala katika ofisi ya mkuu wa chuo. Walikaa mahali panapowekwa orodha ya majina: huyu ni mwanafunzi, huyu si mwanafunzi. Hicho ndicho chumba ambacho ndugu zao wengi hawakuwahi kufika. Baada ya siku hizo Seneti ya walimu ilipiga kura na kukubali sehemu kubwa ya muundo uliodaiwa, kwa marekebisho. Kuhusu jina, walimu na wakuu waliahirisha.

Katika majira hayohayo, Aprili 1969, wanafunzi na walimu Wachikano zaidi ya 100 kutoka sehemu mbalimbali za California walikutana katika tawi jingine la Chuo Kikuu, Santa Barbara, wakatunga Mpango wa Santa Barbara, uliochapishwa baadaye mwaka huo. Mpango huu hutajwa kila mara kama cheti cha kuzaliwa kwa masomo ya Kichikano, nao ni kweli. Hata hivyo anayeufungua anashangaa kuona nafasi kubwa iliyopewa mambo yasiyo ya darasani. Umetenga sura moja kwa ajili ya kuwatafuta na kuwapokea wanafunzi, na nyingine kwa programu za kuwategemeza: masomo ya nyongeza, ushauri, malazi, fedha. Watunzi walisisitiza kwamba wanaofanya kazi hizo watoke katika jamii yenyewe, waijue lugha ya wazazi, na wawajibike kwa mtaa kama wanavyowajibika kwa chuo. Kijana aliyeitwa chuoni bila fedha wala mwalimu wa kumsaidia ameitwa aje ashindwe mbele ya watu, na kushindwa kwake kutatumiwa dhidi ya wadogo zake.

Mkutano huo ndio ulioamua pia vyama vya wanafunzi viunganishwe chini ya jina moja, Movimiento Estudiantil Chicano de Aztlán, yaani Harakati ya Wanafunzi Wachikano wa Aztlán, Aztlán ikiwa nchi ya kaskazini ambako, kwa masimulizi ya Waazteki, mababu zao walitoka. Kifupisho chake ni MEChA, na *mecha* kwa Kihispania ni utambi. Waliolibuni neno hilo walijua walichokuwa wakifanya.

Wasomaji wa Kongo hawatashindwa kuona kalenda. Tarehe 4 Juni 1969, majuma machache tu baada ya ofisi ya uandikishaji kuvamiwa huko San Diego, wanafunzi wa Lovanium waliteremka mjini Kinshasa. Nao walidai kuongezwa kwa fedha zao za masomo, zile bursi zilizokuwa zimeachwa nyuma na bei za sokoni, na kushirikishwa katika uongozi wa chuo. Askari waliwafyatulia risasi, na kadhaa wakafa. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao waliotaka kuwakumbuka wafu hao walitiwa jeshini kwa nguvu, na Agosti Lovanium, chuo cha Lubumbashi na kile cha Kisangani vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa, UNAZA. Hakuna ushahidi unaohitajika wa barua kati ya Kinshasa na San Diego ili kuona kwamba madai mawili yalikuwa yaleyale, fedha na kiti mezani. Tofauti ilikuwa katika jibu. Risasi ni jibu la namna moja. Kamati ni jibu la namna nyingine, na ndilo lililotolewa California.

Koleji ilifunguliwa mwaka 1970. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Joseph Watson, mwalimu kijana wa kemia, Mweusi, aliyekuwa mshauri wa Baraza la Wanafunzi Weusi. Majengo ya mwanzo yalikuwa yale ya muda yaliyoachwa na kambi ya wanamaji waliokuwa wakijifunza shabaha mahali hapo. Ndani yake zilianzishwa programu za masomo ya Ulimwengu wa Tatu, za miji na vijiji, na za mawasiliano, ambayo baadaye ilikua ikawa idara kamili. Wanafunzi wengi waliopokelewa walikuwa wa jamii zilizotajwa katika hati. Jina la Lumumba-Zapata liliandikwa kwenye mabango na kutamkwa mikutanoni, lakini halikupata kibali cha wakuu. Katika barua zote rasmi ilikuwa Koleji ya Tatu. Namba ilishika mahali pa watu wawili.

Kuna wanaosema kwamba jina ni pambo tu, na kwamba wanafunzi walipata kilichokuwa cha maana: nafasi, fedha, walimu wa ziada. Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu kijana mwenye njaa halali na jina. Lakini inasahau kwamba katika hati ya Machi jina na bodi vilikuwa kitu kimoja. Koleji inayoitwa kwa jina la waliouawa wakidai madaraka ya watu wao ingekuwa na aibu kuwanyima wanafunzi wake madaraka. Koleji yenye namba haikuwa na aibu hiyo. Katika miaka ya kwanza ya 1970 wanafunzi waliobaki waaminifu kwa hati waligombana na Watson mwenyewe kuhusu uongozi, wakaona kwamba bodi waliyoipigania inafifia na maamuzi yanarudi ofisini. Waliokuwa viongozi walimaliza masomo na kuondoka, jambo ambalo kila utawala wa chuo hulijua na kulingojea. Umoja wa Weusi na Wachikano ulilegea pia, kila upande ukihesabu nafasi na fedha zake.

Huduma, kwa upande wake, ziliendelea kukua. Kazi ambayo wanafunzi walikuwa wakiifanya kwa miguu yao, kwenda katika shule za Barrio Logan na San Ysidro, kukaa jikoni na wazazi na kuwafasiria fomu za fedha kwa Kihispania, ilipata meza, simu, mishahara na mkuu wa ofisi. Wengi walionufaika nazo hawangefika chuoni kwa njia nyingine. Lakini mwanafunzi aliyeingia ofisini humo alikuwa sasa mtu mmoja mwenye shida yake, aliyepewa namba ya faili na saa ya kuonwa. Harakati ilikuwa imemwona kama mjumbe wa jamii; ofisi ilimwona kama mteja. Watson alipoacha uongozi wa koleji mwaka 1981, alipandishwa kuwa makamu wa mkuu wa tawi zima, mwenye dhamana ya mambo ya wanafunzi, cheo alichokishika kwa miaka mingi. Mtu aliyeletwa na hati ya Lumumba-Zapata ndiye aliyekuja kusimamia huduma zote za San Diego. Unaweza kusoma habari hiyo kuwa ushindi wa hati ile, au kuwa maziko yake, na si rahisi kuonyesha kwamba mmoja wa wasomaji hao amekosea.

Sheria nayo ilikuwa ikigeuka. Juni 1978 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bakke dhidi ya Chuo Kikuu cha California, ilikataza mgawo wa nafasi kwa hesabu ya rangi. Kilichokataliwa kilikuwa viti 16 kati ya 100 katika shule ya udaktari ya Davis. Mtu anaweza kulinganisha 16 hiyo na zile asilimia 70 za mwaka 1969. Julai 1995 wadhamini wa Chuo Kikuu waliondoa rangi na asili katika vigezo vya kupokea wanafunzi, na Novemba 1996 wapigakura wa California walitia jambo hilo katika katiba ya jimbo kwa Pendekezo la 209.

Kati ya matukio hayo, mwaka 1993, mambo mawili yalitokea. Huko Los Angeles, tarehe 28 Aprili, siku moja kabla ya maziko ya César Chávez, kiongozi wa vibarua wa mashamba, mkuu wa tawi la chuo alitangaza kwamba masomo ya Kichikano hayatapewa idara. Wanafunzi kadhaa na mwalimu mmoja walifunga chakula kuanzia tarehe 25 Mei hadi 7 Juni, siku 14, wakapewa kituo chenye walimu wake na chenye jina la Chávez. Idara ilikuja mwaka 2005. Safari hii jina lilipatikana kabla ya kitu chenyewe.

Huko San Diego, Koleji ya Tatu ilipewa jina rasmi mwaka huohuo, baada ya miaka 23 ya kuitwa kwa namba. Iliitwa Thurgood Marshall, kwa heshima ya mwanasheria aliyeshinda kesi ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi mashuleni, na Mweusi wa kwanza kuingia Mahakama Kuu, aliyefariki Januari 1993. Ni jina ambalo hakuna mtu mwenye akili anayeweza kulidharau. Zapata hakutajwa, wala Lumumba. Hati ya 14 Machi 1969 imehifadhiwa katika maktaba ya chuo hichohicho, na juu ya ukurasa wake wa kwanza majina yale mawili bado yameunganishwa kwa kistari.